Alama Chini ya Tangi

Novemba 9, Kolo

Leo tumeuteremsha mzinga wa babu. Nauita mzinga kwa sababu nimekua nikiujua hivyo. Ofisini Dodoma wanauita tangi, na Bwana Reinhold wa Ujerumani anauita kwa neno refu la kwao ambalo bado linanishinda kutamka. Ni tangi la mafuta la aluminiamu, lililokuwa ndani ya ndege ndogo ya Kijerumani iliyoanguka kwenye vilima vyetu vya Kondoa mwaka 1934. Babu Khamisi aliliokota, akaziba matundu yote isipokuwa moja, akalitundika mtini. Nyuki wakaingia. Miaka yote hiyo limekuwa likitoa asali, na mimi nimesomeshwa kwa sehemu ya asali hiyo. Nyuki walihama kwenye ukame wa Septemba, ndiyo maana leo hatukuhitaji hata moshi.

Cornel, mkurugenzi wangu, alikuja mwenyewe na gari la Kituo. Kituo chetu cha Kumbukumbu za Usafiri kinajenga ukumbi wa maonyesho upande wa Msalato, na Cornel ameapa kwamba ndani yake itasimama ndege ile, imeundwa upya. Mbao zililiwa na mchwa zamani, injini ilichukuliwa na Waingereza. Kilichobaki cha asili ni tangi tu. Bila tangi, klabu ya Bwana Reinhold ya wapenzi wa ndege za zamani haitoi msaada, na kitakachosimama ukumbini ni kabati lenye mabawa.

Baba alikubali kuazima, kwa sharti moja. Chini ya tangi kuna alama ya ukoo wetu aliyoikata babu kwa patasi: mikato mitatu iliyolala upande na mmoja mrefu unaoivuka. Asali yetu hurinwa gizani, kwa hiyo alama hukatwa kwa kina na huwekwa chini, mahali ambapo mkono wa mrinaji unafika kwanza. Vidole ndivyo vinavyosoma. Mzinga wenye alama hata ukianguka njiani hauguswi, utamsubiri mwenyewe.

Baba, ambaye macho yake yana mtoto wa jicho na hataki kusikia habari za upasuaji, alimshika Cornel mkono akampitisha vidole juu ya alama ile, taratibu, mkato baada ya mkato. Kisha akaacha Kiswahili akahamia Kirangi, lugha yetu ya nyumbani, kama afanyavyo neno likiwa zito, akanigeukia nitafsiri. Alisema: "Nawaazima. Alama hii ikiguswa, kitu hiki si changu tena, na ninyi si wageni wangu tena."

Nikatafsiri kwamba Mzee anaomba alama itunzwe.

"Bila shaka, Mzee wangu," Cornel akasema. "Nimeiona."

Nililainisha kidogo. Mtu hamtolei bosi wake maneno makavu vile mbele ya dereva. Maana ni ileile.

Novemba 13, Dodoma

Tangi limefika Kizota, kwa Damas, fundi wa kunyoosha bodi za magari yaliyopata ajali. Nilidhani tungepata mtu wa maana zaidi. Karakana yake imejaa milango ya gari na redio inayopiga kelele bila mtu kuisikiliza. Aliligonga tangi kwa kucha, akacheka, akaniuliza kama hiki nacho kilikuwa na bima.

Novemba 20

Nimeanza kuandika historia ya ndege, yale maandishi yatakayobandikwa ukutani. Cornel anataka kurasa fupi zisizochosha. Mimi nataka ukweli, na tayari naona havitakaa meza moja.

Ilianza hivi. Baada ya Vita vya Kwanza Wajerumani walikatazwa kuwa na jeshi la anga. Vijana wao waliotaka kuruka wakaruka kama mchezo: kwanza kwa vyombo visivyo na injini, wakijirusha kutoka vilimani, halafu kwa ndege ndogo za mbao na kitambaa. Viwanda vidogo vikashindana kuunda ndege za sarakasi. Jumapili watu walifurika viwanjani kuona rubani akipinduka, akizunguka, akishuka kichwa chini hadi wanawake wafunike macho. Rubani wa sarakasi alikuwa na jina kama mchezaji mpira wa leo. Ndege yetu kiwanda kiliiita Zeisig, jina la ndege mdogo wa misitu ya kwao. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili.

Nakiri nimeipenda. Sikutarajia.

Novemba 27

Joto. Umeme umekatika mara mbili. Hakuna jambo.

Desemba 3

Mvua ya kwanza. Mtaa wote ulitoka nje kuinusa.

Desemba 7

Bwana Reinhold ametuma michoro ya mfumo wa mafuta, na leo nimeelewa kitu ambacho kimenifurahisha kama mtoto. Ndege ya kawaida ukiigeuza kichwa chini, mafuta yanaukimbia mdomo wa bomba na injini inazima. Zeisig ilikuwa na bomba la pili, lililonyonya mafuta kutoka upande wa pili wa tangi, ili rubani aweze kuning'inia kwenye mikanda yake dunia ikiwa juu ya kichwa, na injini ikaendelea kunguruma. Tundu la bomba hilo la pili ndilo babu aliloliacha wazi. Mjerumani alitoboa ili aruke kichwa chini, nyuki wakapata mlango. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeiacha. Ni nzuri.

Nimeandika pia habari ya siku yenyewe. Rubani alikuwa anatoka Arusha kuja Dodoma kuwaonyesha sarakasi walowezi wa Kijerumani waliobaki Tanganyika chini ya Mwingereza. Walowezi hao wengi walikuwa bado wanaota kurudishiwa koloni, na ndege ikicheza juu ya vichwa vyao iliwapa moyo. Ukungu ukamshusha kwenye vilima vyetu. Alivunjika mguu. Babu na wenzake walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka Kondoa, kwenye tope, wakipokezana. Gazeti la kwao lilisema aliokolewa na "wenyeji". Wenyeji hawana majina, nadhani wanazaliwa kwa makundi.

Desemba 19

Cornel amerudisha maandishi yangu. Amekata sehemu ya mwaka 1933, pale nilipoeleza jinsi vilabu vyote vya michezo ya anga vilivyokusanywa chini ya serikali mpya ya Kinazi, na jinsi wale vijana wa sarakasi walivyogeuka kuwa marubani wa vita kabla dunia haijagundua. Anasema wafadhili ni Wajerumani na si adabu. Nilimwambia Bwana Reinhold mwenyewe ndiye aliyenitumia habari hizo. Akasema kutumiwa ni kimoja, kubandika ukutani ni kingine.

Halafu akakata mzinga. Sehemu yote. Nyuki, asali, tundu la bomba, kitanda cha kamba. Alisema wageni waheshimiwa watakuja, wabunge watakuja, na hatuwezi kuwaambia kwamba chombo cha kihistoria kilikuwa kinakaa wadudu. Watatucheka. Amenibakizia mstari mmoja: "Tangi lilihifadhiwa na familia moja ya Kondoa."

Nilibishana. Si sana. Mkataba wangu unaisha Juni na Cornel ndiye anayesaini. Mwishowe nikasema sawa, na nilipotoka ofisini kwake niliona aibu ambayo sikujua niiweke wapi, maana kwa dakika chache na mimi nilikuwa nimeuonea haya mzinga wa babu.

Januari 8

Mvua nzuri wiki nzima. Baba amepiga kupitia simu ya kaka yangu Habibu. Mahindi yamefika magotini. Aliuliza habari za mzinga kabla ya habari zangu.

Januari 15

Nimeanza kumzoea Damas. Nilimwona mhuni wa karakana, kumbe ni mtu mpole mwenye kelele. Kafiwa na mke, ana mabinti wanaosoma shule ya Zuzu. Kiunzi cha ndege anakijenga yeye na seremala mmoja kwa michoro ya Bwana Reinhold, na akikosea anabomoa bila kulalamika. Leo nilikuta mabawa ya chini yamekamilika, mbavu tupu bado, nikasimama nikiyatazama muda mrefu. Damas alizima redio. Tangu nimfahamu hajawahi kuizima.

Aliniuliza mbona naangalia hivyo. Nikamwambia tangi lile lilikuwa la babu yangu. Akashangaa, hakuna aliyemwambia. Akaniuliza lilifikaje kwake. Nikasema aliliokota akalitunza.

Ningeweza kusema zaidi. Neno mzinga lilinifika mdomoni nikalimeza, kwa kuwa ofisini tumeshakubaliana halipo, na nisingependa lianze kuzunguka Kizota likimrudia Cornel. Alama nilijua Cornel ameshamweleza. Nilimwambia tu, "Damas, hili tangi lifanye kama ni la kwenu."

Akaweka mkono kifuani. "Dada Nasra, nimekusikia. Kwa hili usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Nimerudi nyumbani nimefurahi. Kuna watu wanaoelewa jambo bila kuhutubiwa.

Februari 6

Jua. Mvua imekata tangu mwisho wa mwezi uliopita.

Februari 11

Jua.

Februari 17

Habibu anasema mahindi ya Baba yamejikunja majani. Baba hataki kuzungumzia mahindi. Anataka kujua kama wanaoshughulikia tangi ni watu wa dini. Nikamwambia ni Mkristo mwema. Akasema vizuri, mradi ana mikono inayosikia.

Februari 28

Mawingu yamerudi, na Ramadhani inaingia siku yoyote kuanzia kesho. Ofisini Cornel amekuwa mkarimu ghafla, ananiita mwandishi wetu mbele ya wageni. Zamani maneno hayo yangenivimbisha kichwa. Sasa namsikiliza nikihesabu ni nini atakachokata safari ijayo.

Machi 11

Naandika nikiwa nimefunga na kichwa kinauma, lakini nataka niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Damas alinipigia asubuhi niende Kizota, ana jambo la kunionyesha. Nikaenda na mvua. Alikuwa amelifunika tangi kwa shuka safi, shuka la nyumbani lenye maua, na mafundi wenzake walikuwa wamesimama pembeni wakitabasamu. Akalifunua.

Lilikuwa linang'aa. Sijawahi kuona kitu kinachong'aa namna ile, niliuona uso wangu na ushungi wangu ndani yake. Mibonyeo yote imenyooshwa, kutu ya misumari ya babu imeondoka. Nikalizunguka. Nikainama, nikapitisha mkono chini.

Laini. Nikapitisha tena. Laini kama sahani.

Nikamuuliza, alama iko wapi.

Damas akacheka kwa furaha. Alisema yale makovu ya ajali yalimpa kazi, yalikuwa ya kina, hasa ule mkato mrefu. Ameyajaza yote kwa kuchomelea, kidogo kidogo, aluminiamu nyembamba ikipata moto sana inatoboka. Kisha amepiga msasa kuanzia mkali mpaka ule laini kabisa, siku nzima. Kazi hiyo haikuwa kwenye makubaliano na Kituo, hakumtoza mtu chochote. Gari likitoka kwake na kovu, alisema, yeye halali.

"Nimekufanyia wewe, dada," akasema. "Kwa ajili ya babu."

Mafundi wakapiga makofi. Nilikaa juu ya tairi nikalia, na Damas akafikiri nalia kwa shukrani, akaniletea maji, akakumbuka nimefunga, akaomba radhi kwa maji. Baadaye ndipo nikamweleza. Niliuona uso wake ukibadilika. Hakujitetea. Aliuliza swali moja tu: "Mbona hukuniambia ni mzinga?"

Nikaenda ofisini nikiwa nimelowa. Nilimuuliza Cornel kwa nini hakumweleza fundi habari ya alama. Alifikiri kidogo, na kwa kweli alikuwa anajaribu kukumbuka. Alama ipi? Nilipomkumbusha alisema aah, ile. Hakudhani ni kitu kikubwa, na hakutaka mambo ya nyuki yafike karakana. Nikamwambia Baba aliweka sharti. Nikamwambia sharti lenyewe, neno kwa neno.

Cornel akavua miwani. "Nasra, sivyo ulivyosema pale. Wewe ulisema anaomba."

Namchukia Cornel kwa mengi na nitaendelea, lakini kwa hili amesema kweli. Miezi yote hii nilijiambia maana ni ileile.

Machi 12

Mvua kutwa.

Machi 20

Bwana Reinhold amefika. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nilihitaji sana mtu wa kumchukia asiyekuwa mimi. Ni mzee mwembamba mwenye viatu kama vya hospitali, amekuwa akikusanya habari za Zeisig tangu ujana wake, na hakuna hata ndege moja ya aina hiyo iliyobaki nzima duniani, anasema. Alilishika tangi kwa mikono miwili akafumba macho. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba sasa limepona.

Nilishindwa kumchukia. Anakipenda kitu kilekile anachokipenda Baba, na kwa namna ileile ya kukishikashika. Tofauti ni kwamba yeye anakitaka kama kilivyokuwa kabla ya kutufikia.

Machi 31, Kolo

Idi. Nilikuja nikiwa na nia ya kumwambia Baba. Alikuwa amevaa kanzu mpya, mvua ya mwisho wa Machi imeyaokoa mahindi kiasi, watoto wa Habibu wamemzunguka. Aliniambia ameshapata nauli ya kuja kwenye ufunguzi. Nikasema Kituo kitamletea gari. Hilo ndilo nililosema. Nimelala na pilau tumboni na neno langu kooni.

Aprili 5

Maandishi ya ukutani yamechapwa. "Familia moja ya Kondoa." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina langu.

Aprili 12

Ufunguzi.

Waliweka turubai kwa sababu ya mvua. Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe na maji ya chupa. Ndege ilisimama ukumbini, nyekundu na nyeupe, mabawa mawili yamepakwa rangi mpaka yanakaa kama peremende. Upande mmoja wa tumbo wameuacha wazi ili tangi lionekane, na taa imewekwa maalumu.

Baba alikuja na Habibu, kanzu, koti na kofia. Cornel alimwamkia shikamoo, akampa kiti cha mbele, akawaambia watu kupitia kipaza sauti kwamba huyu ndiye mzee aliyetuhifadhia hazina. Watu wakageuka kumtazama. Baba aliomba kitu kimoja, apelekwe pale kilipo. Nikamshika mkono nikampeleka.

Alilipapasa kuanzia juu. Akatabasamu kwa jinsi lilivyo laini. Mkono ukashuka ubavuni, ukapita chini, ukaenda moja kwa moja mahali penyewe. Ukasimama. Akarudia, kwa mkono mwingine. Kisha akaanza kutafuta pembeni, kama mtu aliyepoteza kitu nyumbani mwake na hataki wageni wajue. Ningetoa chochote aache.

Aliniuliza kwa Kirangi, kwa sauti ndogo, kama ni chenyewe. Nikasema ndiyo, Baba. Akaniuliza kama nina hakika. Ndipo nikamwambia, pale pale, watu wakipiga picha: fundi alidhani ni makovu, hakuna aliyemweleza, na mimi nimejua tangu Machi. Hakunitazama. Macho yake haya ya sasa hayaoni usoni mwa mtu, lakini kwa kawaida hukugeukia. Hakugeuka.

Bwana Reinhold alisogea, amevaa tai, akaomba Mzee aseme neno. Cornel akaleta kipaza sauti. Baba akakishika, akaanza kwa Kiswahili kuwashukuru kwa gari na kwa kiti. Halafu akahamia Kirangi na akanyamaza anisubiri.

Safari hii sikupunguza wala kuongeza. Nilitafsiri kwa sauti, kila neno: "Kitu hiki si changu. Changu kilikuwa na alama ya baba yangu. Kwetu mzinga usio na alama, yeyote anayeukuta anauchukua, wala hatumwiti mwizi. Siwezi kuwaita wezi. Chukueni."

Wakapiga makofi.

Nilidhani nimekosea kutamka. Lakini walikuwa wamesimama, mstari wa mbele wote, wanapiga makofi na kutikisa vichwa. Walisikia chukueni. Cornel akakipokea kipaza sauti akatangaza kwamba Mzee wetu ametukabidhi rasmi, kwa moyo mkunjufu, mali hii ya taifa. Nilimtafsiria Bwana Reinhold kwa Kiingereza. Yeye hakupiga makofi. Aliniuliza alama gani. Nikafungua mdomo, na Cornel akamshika kiwiko kumpeleka akakate utepe.

Damas alikuwa nyuma, amevaa suti inayombana mabega. Alikuja akachuchumaa mbele ya Baba, akajitaja, akaomba msamaha. Baba alimtafuta mkono akaushika. Alimwambia kwa Kiswahili kwamba kazi yake ni safi sana, ameigusa, hana kosa lolote. Damas akalia. Nilisimama hapo hapo na mimi nikisubiri zamu yangu, na zamu haikufika. Habibu akasema gari linaondoka.

Aprili 14

Nimeomba jina langu liondolewe ukutani. Cornel alikubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Aprili 23

Mvua zimekwisha. Upepo umeanza, ule wa vumbi.

Bwana Reinhold aliondoka jana. Kabla hajaondoka nilimweleza yote, mzinga, nyuki, tundu la bomba la pili, vidole gizani. Alisikiliza akiwa ameshika kichwa. Akasema laiti angejua, hicho ndicho kisa ambacho klabu yake ingekipenda kuliko rangi zote. Nilimshukuru. Ni mtu mwema, na maneno yake hayanifai kitu.

Amemwacha Cornel na hofu ya kukosa msaada. Leo Cornel ameniita, mpole, na wazo jipya: ninayo picha ya ile alama kwenye simu, nilipiga Novemba. Damas anaweza kuichonga upya kwa mashine, mahali palepale, vipimo vilevile. Tena tutarudisha na sehemu ya nyuki. Niende Kolo nikamweleze Mzee. Alisema hivyo kama anayenipa zawadi, na nikaipokea kama zawadi, ndivyo nilivyo.

Mei 3, Kolo

Nilimkuta Baba uani na watoto wa Habibu, wanapura alizeti. Walipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, yeye anapembua kwa mkono. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaagiza niletewe kiti. Kiti kile cha mto, cha sebuleni.

Nikamweleza wazo la Cornel. Nilijitahidi kulieleza vizuri: vipimo, picha, mahali palepale, hakuna atakayeona tofauti. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea na kazi.

Akauliza nani atakata. Nikamwambia Damas. Akauliza Damas ana baba, ana ukoo. Nikasema anao, watu wa Songea huko.

"Basi mwambie akate ya kwao," Baba akasema. "Ni halali yake. Yeye ndiye aliyekifanyia kazi."

Nikapiga magoti karibu yake kwenye maganda. Nikamwambia yote, na yale ya Novemba pia, kwamba alisema neno zito nami nikalifanya ombi, kwamba nilimwogopa bosi, kwamba Idi nilikuja kusema nikashindwa. Nikamwomba anisamehe. Alisema amesamehe, hakuna neno, mambo ya dunia. Alilisema bila hasira. Aliniuliza barabara ya Babati siku hizi ikoje, na Dodoma joto limepungua, na kazi inaendeleaje. Aliniambia nile, chakula kipo. Alinisindikiza mpaka mlangoni na mkono wake begani kwa Habibu.

Nilikuwa nimemsemesha Kirangi tangu asubuhi. Yeye alinijibu Kiswahili siku nzima, kizuri, cha polepole, kile anachowasemea watu waliotoka mbali.

"Karibu tena, mama," aliniambia. "Uwasalimie huko kwenu."